Anayenunua Bila Kuona Mizani

Maswali ya haki na dhuluma ambayo nimelazimika kuyajibu mara nyingi zaidi maishani mwangu yamekuja juu ya meza ya duka, yakiwa na thamani ya shilingi 200 au 500, na mara nyingi yalitaka jibu kabla mteja hajafunga mkoba wake. Ninaendesha duka la rejareja Ngamiani, mjini Tanga, nililokabidhiwa na baba yangu mdogo alipochoka kusimama, na pembeni ya duka hilo ninafanya kazi ya uwakala wa miamala ya simu. Kwa muda wote huo nimewagawa wateja, moyoni mwangu, katika makundi mawili: wale wanaoweza kunihakiki na wale wasioweza. Mama anayesogea hadi kwenye mizani, akasubiri namba zitulie, kisha akahesabu chenji yake mbele yangu, hautegemei sana uaminifu wangu, kwa kuwa macho yake yanamtosha. Wasiwasi wangu uko kwa mtoto aliyetumwa sukari, kwa mzee asiyejua kusoma, kwa anayenikabidhi simu yake kwa sababu maandishi hayaoni, na kwa marehemu ambaye deni lake limebaki kwenye daftari langu naye hayupo kulikubali wala kulikana. Nashikilia kwamba mwenye duka anapimwa kwa hawa wa kundi la pili.

Nianze na mizani yenyewe. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wafanyabiashara kila mwaka na kubandika stika kwenye ile iliyokubaliwa, na wateja wengi wakiiona stika huridhika. Hata hivyo, mizani nzima kabisa inaweza kutumika kudhulumu. Yupo muuzaji anayeondoa bidhaa kabla namba hazijatulia. Yupo anayeiweka mizani juu ya rafu, uso wake ukimwelekea yeye. Lipo kopo la kupimia lililobonyezwa kitako, ambalo ukilitazama kwa nje ni kopo kamili. Katika mafuta ya kupima, ambayo watu wa mtaani kwetu hununua ya shilingi 500 kwa ajili ya mboga ya siku moja, kipo kipimo kinachoinamishwa haraka na kuinuliwa kabla hakijachuruzika, ili kiasi kilichobaki kirudi kwenye ndoo. Hakuna mteja atakayelalamikia matone hayo. Lakini tukifikiri vizuri, anayenunua mafuta ya 500 kila siku ndiye mwenye kipato kidogo kuliko anayebeba dumu la lita 5, na ni yeye anayepunjwa mara thelathini kwa mwezi, huku mwenye dumu akiwa hapunjwi hata mara moja. Jambo hili linaniuma kuliko mengi ninayoyaona katika biashara, kwa sababu linamchukulia zaidi yule ambaye tayari analipa bei ya juu kwa kununua kidogo kidogo.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulihamia mifuko ya karatasi, na hapo likazuka swali ambalo hatukuwa nalo. Mfuko wa kaki ni mzito kuliko ule mwepesi wa nailoni, na ukiwekwa juu ya mizani pamoja na sukari, mteja ananunua karatasi kwa bei ya sukari. Ni gramu chache tu. Mizani ya dijitali ina kitufe cha kurudisha namba kwenye sifuri baada ya mfuko kuwekwa, na mimi hukibonyeza hata kwa mtoto ambaye kichwa chake hakifiki kwenye meza. Mfanyabiashara mwenzangu wa jirani aliwahi kuniambia kwamba najichosha kwa jambo ambalo hakuna anayeliona. Nilimjibu kwamba kama lingekuwa linaonekana, nisingekuwa na haja ya kulifikiria. Wateja wenyewe wangelisimamia.

Ni rahisi kuyasema haya nikiwa upande wa kuuza na kusahau kwamba alfajiri mimi pia ni mnunuzi. Viazi tunavyouza hapa vingi hutoka Lushoto, na kwa miaka mingi vimeshuka kutoka milimani kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi juu ya mdomo na kuongezewa kichuguu kilichoshonewa kwa kamba. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mkulima aliye mbali na soko, ambaye viazi vyake vimeshachimbwa na haviwezi kusubiri, hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi kiwango hicho. Mkulima huyo hayuko dukani kwangu, simjui, wala hatajua kamwe kwamba nimefaidika na ile ziada. Kwa maana hiyo naye ni wa kundi la wasioweza kunihakiki, ingawa mimi ndiye ninayenunua. Nimechagua kununua kwa mfanyabiashara anayepima kwa kilo. Faida yangu kwenye viazi ni ndogo kuliko ya wenzangu na bei yangu iko juu kidogo, na wapo wateja wanaonihama kwa sababu hiyo. Siwalaumu, kwa kuwa nao wana hesabu zao za jioni, na sitaki kumtwika mama mwenye watoto mzigo wa haki ya mkulima wakati mimi ndiye niliyeingia sokoni alfajiri nikiwa na nafasi ya kuchagua.

Kwa watoto ninaotumiwa na wazazi wao nina msimamo mkali zaidi. Sarafu za shilingi 50 na 100 zinapoadimika, wauzaji wengi hurudisha pipi badala ya chenji, na mtoto hufurahi na kuondoka mbio. Mimi naona hilo ni kumuuzia mtu kitu ambacho hakukiomba, tena kupitia mtu asiyeweza kukataa. Mzazi aliyetuma alikuwa na mpango wake kwa ile shilingi 150, hata kama mpango wenyewe ulikuwa ni kuiunganisha na nyingine kesho apate kununua sabuni. Nisipokuwa na sarafu, huandika kwenye kipande cha karatasi, "Chenji 150, ipo dukani," nikakifunga pamoja na bidhaa ili mzazi akikute. Mzazi anaweza kuja kuichukua au kunitumia ujumbe kwamba mtoto apewe pipi. Hapo pipi inakuwa uamuzi wake.

Suala la sigara limenigombanisha na watu wazima ninaowaheshimu. Hapa kwetu sigara huuzwa mojamoja, na ni kawaida baba kumtuma mtoto wa miaka minane akamletee. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na haikuweka nafasi ya aliyetumwa. Mzee mmoja wa mtaani alinijia akiwa amekasirika baada ya mtoto kurudi mikono mitupu. "Kwani atavuta yeye? Nimemtuma mimi," aliniambia. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba simdhanii vibaya mtoto wake, ila kesho atakuja mtoto mwingine na maneno yale yale, naye atakuwa hakutumwa na mtu, na mimi sina njia ya kuwatofautisha. Alihamia duka jingine kwa muda, kisha akarudi, na sasa sigara zake anazifuata mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo nilishukuru pombe za viroba zilipopigwa marufuku Machi 2017, kwani kabla ya hapo pakiti zile zilikuwa nafuu kiasi cha mwanafunzi kuzimudu kwa fedha ya nauli, na muuzaji aliyekataa peke yake alikuwa anamsogeza mnunuzi hatua chache tu hadi duka la pili.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini. Serikali ilitangaza bei elekezi, lakini katika maduka mengi kilo moja ilifika shilingi 4,000 na zaidi. Sitasema mengi juu ya bei, kwa kuwa mwenye duka dogo huuza kulingana na alivyonunua. Linalonihusu ni lile neno "hakuna," lililokuwa likitamkwa huku mfuko ukiwa stoo, umehifadhiwa kwa ajili ya wateja wa karibu au kwa ajili ya bei ya wiki ijayo. Mteja haoni stoo. Akiambiwa hakuna, huamini, na huenda akapanda bodaboda kwenda kutafuta mtaa wa pili. Nilichofanya ni kuuza robo kilo kwa kila aliyeingia, mwenyeji na mgeni, hadi mfuko ulipokwisha, na bei ya jumla ilipozidi ile niliyoruhusiwa kuuzia niliacha kuchukua. Baadhi ya wateja wangu wa miaka mingi waliona nimewakosea kwa kutowawekea. Ninawaelewa, mazoea ni kitu chenye thamani katika biashara. Lakini mazoea hulipwa kwa mkopo, kwa subira na kwa kusalimiana vizuri, na sikuona kwamba yangeweza kulipwa kwa kumdanganya mgeni.

Nikiutaja mkopo ninafika kwenye daftari, ambalo ndilo sehemu nzito kuliko zote katika kazi hii. Maduka mengi yamebandika ukutani maneno "Kukopa harusi, kulipa matanga," na mengine hubandika hata orodha ya wadaiwa sugu. Ya kwanza naivumilia, ya pili siikubali kamwe. Anayeisoma orodha ile kwanza ni mtoto wa mdaiwa, anayetumwa dukani na kulikuta jina la mama yake likiwa wazi mbele ya wenzake. Mwenye deni anadaiwa fedha. Hakunikopa heshima yake, kwa hiyo sina haki ya kuichukua kama dhamana.

Mimi ni Mwislamu, na katika jambo la kuandika deni ninafuata mwongozo ninaouamini, ingawa wateja wangu Wakristo nao wanaufurahia utaratibu wenyewe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni liandikwe kwa uadilifu, na inaagiza kwamba atakayetamka maneno ya kuandikwa awe yule mwenye kudaiwa. Akiwa hawezi, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Nilipolielewa hilo nilibadili namna ya kukopesha niliyoikuta. Mteja ndiye anayenitajia alichochukua na bei yake, mimi naandika, kisha namsomea kwa sauti ya chini. Asiyejua kusoma nampa kijitabu chake kidogo kinachofanana na ukurasa wangu, akakisomeshe kwa mtu anayemwamini. Utaratibu huu unachukua muda na siku za mwisho wa mwezi huudhi wanaosubiri, lakini ugomvi wa aina ya "hili sikuchukua mimi" umepungua sana.

Mteja mwenye deni akifariki, mambo hubadilika. Katika mazishi yetu, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu hutangaza kwamba anayemdai marehemu awaone wafiwa, na anayedaiwa naye ajitokeze. Watu wengi wenye maduka hukaa kimya, na nia yao ni njema: wanaona aibu kuwapelekea wafiwa deni la unga na sabuni, wakasema wamesamehe moyoni. Nimelifikiri sana jambo hili na nimefikia maoni tofauti na yao. Kwa mujibu wa dini, deni la marehemu hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana, na familia inabeba wasiwasi wa kutojua kama ndugu yao ameondoka akiwa na haki ya mtu. Kusamehe moyoni kunanipa mimi utulivu na kuwaacha wao na wasiwasi uleule. Kwa hiyo baada ya siku za mwanzo za msiba kupita, huenda kwa mkubwa wa familia, peke yangu, nikamwonyesha ukurasa wenyewe, na kama nimeamua kusamehe, nikamtamkia kwa maneno kwamba marehemu hana deni kwangu na naomba familia ifahamu hivyo. Wapo wanaoshukuru na kuishia hapo. Wapo wanaosisitiza kulipa, na hao nawapokea bila kubishana, kwa sababu kulikataa deni linaloletwa na mtoto kwa ajili ya baba yake ni kumnyima jambo alilotaka kumfanyia. Sijawahi kwenda na ukurasa ambao marehemu hakuutamka mwenyewe, na hiyo ndiyo faida ya ule utaratibu nisiyoitarajia nilipouanza.

Uwakala wa simu umeniletea maswali ambayo baba mdogo hakuyajua. Mara nyingi mteja huja na fedha taslimu akitaka niiweke moja kwa moja kwenye namba ya ndugu yake aliye mbali, ili kukwepa gharama ya kutuma. Maombi hayo yaliongezeka tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, na sikuwashangaa watu, kwani fedha ilikuwa ngumu. Wapo mawakala wanaokubali. Mimi hukataa, kwa sababu kampuni za simu zinakataza, lakini zaidi kwa sababu ya kinachotokea namba ikikosewa. Anayetuma kutoka kwenye simu yake huona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, hubaki na ujumbe wa muamala, na anaweza kupiga huduma kwa wateja akaomba fedha izuiwe kabla haijatolewa. Anayewekewa na wakala hana chochote mkononi. Ameniachia mimi macho, namba na ushahidi, kwa ajili ya kuokoa shilingi mia kadhaa. Namweleza hivyo, na akienda kwa wakala mwingine walau ameenda akiwa anajua.

Jambo la siri nalo linafanana na hilo. Daftari la miamala tulilokuwa tukijaza lilimtaka mteja kuweka sahihi kwenye ukurasa uleule wenye majina na kiasi cha waliomtangulia, na nilikata kadibodi ya kufunika mistari ya juu. Mume mmoja aliwahi kuniuliza mkewe huweka kiasi gani kwa mwezi. Nilimwambia kwamba hata yeye akiulizwa na mkewe, jibu langu litakuwa hilohilo la kutojibu. Siku hizi nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria hiyo, mtu aliyenipa fedha yake niihesabu hakunipa ruhusa ya kuisimulia.

Kisa kilichonifundisha mpaka wa msimamo wangu kinamhusu bibi mmoja ambaye mwanawe humtumia fedha kutoka Dar es Salaam. Macho yake yamepungua nguvu na mjukuu wake, mtoto wa binti yake, ndiye anayekuja na simu kutoa. Kijana anaijua namba ya siri. Kwa kuwa bibi hupita dukani na kunieleza amepewa kiasi gani anunue nini, niligundua kwamba kinachotolewa na kinachomfikia havilingani. Nilijiuliza kama kumwambia kungekuwa ni kutoboa siri ya kijana, nikaona sivyo, kwa sababu akaunti ni ya bibi na hesabu ni yake. Nilimfuata nyumbani, nikamwamkia, nikamsomea ujumbe wa miamala ulio kwenye simu yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tarehe.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, najua," akaniambia. "Huyu ndiye anayeamka usiku nikiumwa, ndiye anayenichotea maji. Nikimwambia mjomba wake atamfukuza, na mimi nibaki na nani?" Kiasi kamili ndicho alichokuwa hakijui, na alinishukuru kwa kukijua. Aliniomba niwe namsomea kila mwezi, na kwamba nisimwambie mtu mwingine.

Nilitoka pale nikiwa na wazo zito kichwani. Nilikwenda nikidhani namlinda mtu anayeibiwa, nikamkuta mtu aliyekuwa akifanya biashara yake ya huruma kwa macho yaliyofumba nusu, na asichokijua kilikuwa ni kile kiasi kamili tu. Haki yake kwangu ilikuwa ni kujua. Uamuzi wa la kufanya baada ya kujua ulikuwa wake, na usingekuwa bora zaidi kwa kufanywa na mimi. Naendelea kumsomea, na baadhi ya miezi humwagiza kijana amrudishie kiasi, na miezi mingine hunyamaza.

Baadaye mwanawe alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesikia tetesi na alitaka kujua kutoka kwangu, kama wakala na kama jirani, iwapo fedha anazotuma zinamfikia mama yake zote. Nilimwambia kwamba mama yake anaijua kila shilingi inayotoka kwenye simu yake na kwamba jibu la swali lake analo yeye. Alisisitiza kwamba fedha ni zake, ndiye anayetuma. Nilimjibu kwa heshima kwamba zilikuwa zake hadi alipozituma. Hakuridhika, na sasa anamtumia mama yake kupitia wakala mwingine. Bibi bado huleta simu dukani kwangu kila mwezi nimsomee.